TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Nusu saa kabla ya futari, na katuni zisizo za watoto



Funga ya kumi na mbili leo, alhamdulillah. Nianze na jambo dogo ambalo sisi wa Mpanda tunalijua vizuri kuliko wenzetu wa pwani. Adhana ya Magharibi ikilia kwenye televisheni kutoka Dar es Salaam, huku kwetu jua bado liko juu ya miti. Tuko mbali magharibi, kwa hiyo tunasubiri kama nusu saa nzima baada yao. Mtu mzima anavumilia. Lakini mtoto wa miaka minane au tisa anayejifunza kufunga, ameshasikia adhana kwa masikio yake na anaiona mihogo inageuzwa kwenye karai, kwake hiyo nusu saa ni ndefu kuliko siku nzima tangu daku. Anazunguka jikoni, anauliza mara kumi, machozi yako karibu. Mama mikono yake imejaa unga wa kaimati. Basi baba anatoa simu mfukoni: "Shika hii, angalia katuni."

Kimya. Nyumba inatulia.

Hapo kwenye hiyo simu ndipo ninapotaka tusimame leo.

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea habari kutoka kwa mama mmoja wa Kiansari, Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.). Anaeleza jinsi walivyokuwa wakifunga siku ya Ashura na kuwafungisha watoto wao wadogo. Watoto wale nao walilia njaa kama wanavyolia wa kwetu. Wazazi wakawa wanawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula anapewa kile kitu, anashughulika nacho mpaka wakati wa kufuturu ufike.

Tazama vizuri hapo. Masahaba nao walimpa mtoto kitu cha kumsahaulisha njaa. Kwa hiyo kumliwaza mtoto si kosa, na mama aliyechoka asisome tafakari hii akadhani nimekuja kumlaumu. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao walikijua kile kitu. Walikitengeneza kwa mikono yao, kila uzi waliuona. Sisi tunampa mtoto kitu tusichojua ndani yake kuna nini, na tunaridhika kwa sababu tu kinaitwa katuni.

Neno hilo, "katuni", limetudanganya wengi. Tunalisikia tunafikiri ni sawa na kusema "uji": chakula cha mtoto, maliza. Kumbe katuni ni namna ya kuchora tu. Kwa kalamu hiyohiyo unaweza kumchorea mtoto hesabu, na unaweza kumchorea mtu mzima mambo ya chumbani. Na hili si geni kwetu. Wazee wetu wanaokumbuka gazeti la Uhuru la miaka ya Ujamaa wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Ile ilikuwa katuni ya watu wazima: inachekesha, inauma, inasema mambo ya mji ambayo mtu angeogopa kuyasema kwa mdomo. Hakuna aliyedhani Chakubanga amechorewa watoto wa chekechea. Gazeti lilikuwa mkononi mwa mzee, na mzee akimaliza aliliweka kwapani akaondoka nalo.

Sasa nenda leo kwenye libreri yoyote ya muvi, ya hapa mjini au ya huko vijijini. Mpe kijana flashi au memori kadi mwambie, "Niwekee katuni za watoto." Kijana ana folda moja kubwa imeandikwa KATUNI. Humo zimo zote. Imo ya binti wa kifalme na barafu, na jirani yake kwenye folda hiyohiyo imo Sausage Party ya mwaka 2016. Ukiiona picha yake ya juu ni soseji na mikate yenye macho inacheka, rangi tamu kabisa. Ndani ni matusi mwanzo hadi mwisho, na mwisho wenyewe siwezi kuuandika hapa. Kule Marekani ilikotoka, sinema hiyo ilipewa alama inayomaanisha kwamba aliye chini ya miaka 17 haingii kuitazama bila mzazi au mlezi. Alama hiyo haikufuata mpaka Mpanda. Kijana wa libreri ananakili faili lote na kwenda zake, hana habari, na wala hukumuuliza.

Nyingine ni South Park, iliyoanza mwaka 1997. Wahusika wakuu ni watoto wanne wa shule ya msingi waliochorwa kama vipande vya karatasi za rangi, yaani hata mwanafunzi wangu wa darasa la tatu angeweza kuwachora. Katika misimu ya mwanzo mtoto mmoja kati yao anauawa karibu kila kipindi, kisha anarudi kipindi kinachofuata kama hakikutokea kitu, na kifo chake ndicho kichekesho. Iko Family Guy ya mwaka 1999, yenye kitoto kichanga kinachoongea na mbwa anayekunywa pombe. Niambie, mtoto gani hatavutiwa na mbwa anayeongea? Iko Happy Tree Friends: vinyama vidogo vya kupendeza, muziki wa kubembelezea, na ghafla damu na matumbo nje. Hiyo imewanasa wazazi wengi, kwa sababu ukipita nyuma ya mtoto ukachungulia sekunde tano utaona kasungura kanaruka, utaendelea na shughuli zako.

(Najua kuna atakayetaka niingie kwenye mambo ya South Park na heshima ya Mtume wetu s.a.w., yale ya mwaka 2010. Siingii leo. Huko watu hupandwa na joto wakapiga kelele wiki nzima juu ya watu walio Marekani, huku mtoto yuko sebuleni na simu.)

Na tuwe waadilifu, maana uadilifu ni katika dini. Waliotengeneza hizi hawakutuficha. South Park inaanza na tangazo lenye mzaha lakini linalosema wazi kwamba haifai kutazamwa na mtu yeyote. Kwao inabeba alama ya miaka 17 na kuendelea. Hata kwenye ving'amuzi, ukibonyeza kitufe cha maelezo, mara nyingi utaona namba, 13, 16 au 18, na herufi zinazoonya juu ya lugha, ukatili na uchi. Mwenye duka ameandika mlangoni kuwa humu kuna sumu. Sasa kama sisi wenyewe tumemshika mtoto mkono tukamwingiza, tutamlaumu nani mbele ya Mola?

Niseme kidogo kama mwalimu. Vichekesho vya watu wazima vya namna hii vinasimama juu ya kejeli. Kejeli ni kusema kitu na kukusudia kinyume chake. Ili uielewe lazima ujue mambo mawili kwa wakati mmoja: kilichosemwa na kilichokusudiwa. Mtoto mdogo hana uwezo huo bado. Wa miaka mitano au sita analichukua neno kama lilivyo, na hata anapokua huchukua muda kuanza kushika kwamba msemaji hakumaanisha alichosema. Chukua mfano wa Family Guy. Kuna baba anayemdharau binti yake kila siku, familia nzima inamcheka yule binti, na huo ni utani unaorudiwa miaka na miaka. Mtu mzima anaweza kusema, "Wanadhihaki zile familia za kwenye tamthilia." Sawa. Mtoto wako wa kike haoni dhihaka yoyote ya tamthilia. Anaona baba anamtukana binti, na watu wanacheka. Basi. Hilo ndilo analoondoka nalo.

Mwezi uliopita, Shaabani, lilitokea jambo madrasa. Tuna kijana mdogo anayechechemea mguu mmoja. Alikuwa anavuka uwanja kwenda kuchukua msahafu wake, mwenzake wa miaka kama minane akamwita kwa jina baya, tena kwa sauti ya ajabu, nyembamba, ya kukwaruza. Kilichonishtua si lile jina. Kilichonishtua ni kwamba watoto karibu wote walicheka kwa pamoja, papo hapo, kama watu wanaojua wimbo. Ile sauti waliijua. Nilipouliza taratibu nikaambiwa ni ya katuni, ile inayozunguka kwenye magrupu, ambayo watu wameiondolea sauti yake wakaiwekea maneno ya Kiswahili cha mtaani.

Baba yake nilimwita, tukakaa nje ya msikiti baada ya Isha. Mtu mwema, mchapakazi, safu ya mbele hakosi. Akafungua simu, tukaikuta. Ilikuwa imetumwa na wenzake wa kazini, ikajihifadhi yenyewe kwenye galari pamoja na picha za harusi na za shamba la mpunga. Akaniambia, "Lakini ustadhi, hii ni katuni tu." Nikamwambia vizuri, iweke tuitazame wote wawili. Akabonyeza. Haikufika nusu akaizima mwenyewe, akaangalia chini. Sikumwambia neno. Kama haya zilimzuia kuitazama akiwa amekaa na mimi, ambaye ni mtu mzima mwenye mke na watoto, basi kipimo anacho tayari kifuani mwake, hahitaji fatwa yangu.

Ndugu zangu, wengi tukizungumzia katuni mbaya tunafikiria uchi tu. Uchi ni jambo zito, nitalifikia. Lakini mimi nahofia zaidi kicheko. Mtoto hazaliwi akijua nini kinachekesha. Anajifunza kwa kuangalia wakubwa wanacheka nini. Ukicheka mlemavu anapoanguka, umemfundisha somo ambalo mimi kwa miezi sita madrasa sitalifuta.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah (s.w.) amewakataza waumini wanaume wasiwadhihaki wanaume wenzao, kisha akawataja wanawake peke yao wasiwadhihaki wanawake wenzao, kwa sababu huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Akakataza pia kuitana kwa majina ya kejeli. Na imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kuwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipanda mti kutafuta mswaki, upepo ukaifunua miguu yake, nayo ilikuwa myembamba sana. Baadhi ya waliokuwepo wakacheka. Hawa ni Masahaba, ndugu zangu, na bado kicheko kiliwatoka. Mtume (s.a.w.) hakuliacha lipite. Aliwauliza wanacheka nini, kisha akawajulisha kuwa miguu ile kwenye mizani ni mizito kuliko mlima Uhud.

Sisi wa huku magharibi na jirani zetu wa kanda ya ziwa tunajua kicheko kinaweza kufika wapi. Tumeishi ile miaka ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kukatwa viungo. Kumbukeni neno lililokuwa likitamkwa barabarani mtu mwenye ualbino akipita. "Dili." Watu walilisema huku wanacheka, wakiwa wamesimama na baiskeli zao, hata wasio na nia mbaya yoyote. Mtoto aliyekaa pale akilisikia alijifunza kwamba huyu anayepita ni bei, si mtu. Sasa mtu akiniambia mzaha ni mzaha tu, nitamwambia aende akakae na mama aliyelala miezi akimfungia mwanawe mlango kwa ndani.

Wala dini haikukataza kucheka. Nasisitiza hilo kwa sababu baadhi yetu tukiingia Ramadhani tunakunja uso kana kwamba kukunja uso ni nguzo ya sita. Mtume wetu (s.a.w.) alitania. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa atafanya nini na kindama, kumbe kila ngamia ni mtoto wa ngamia. Alikuwapo mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kidege cha kuchezea. Kidege kilipokufa, Mtume alimuuliza habari zake kwa maneno yenye vina, kumliwaza na kumchangamsha. Mtu mwenye umma mzima mabegani ana muda wa kumtania mtoto aliyefiwa na ndege. Ukiutazama utani wake utaona ulikuwa kweli, haukumvunjia mtu heshima, na aliyetaniwa aliondoka akiwa mkubwa zaidi kuliko alivyokuja.

Na bibi zetu je? Sungura anamdanganya fisi, fisi anapigwa, watoto tunacheka mpaka tunaanguka mkekani. Ulikuwamo ujanja na ulikuwamo ukali. Lakini bibi alikuwa anatuona. Akiona mdogo ameogopa, anakiruka kile kipande. Akiona tumecheka pasipotakiwa, anasimamisha hadithi, anatuuliza, "Mnacheka nini hapo?" Simu haimwoni mtoto. Haijui ana miaka sita au thelathini, haijui kwamba ameogopa, na ikimaliza moja inaleta nyingine yenyewe bila kuombwa. Mwaka 2017 dunia ilishtuka kugundua kwamba kwenye YouTube kulikuwa na video nyingi mno zilizotumia sura za Elsa, Spider-Man na Peppa Pig, wale wanaopendwa na watoto, zikiwa zimejazwa ukatili na mambo machafu. YouTube wakaanza kuziondoa. Watoto walizifikia kwa njia hiyo hiyo, moja ikimalizika inakuja nyingine, na mzazi yuko chumba cha pili anasikia muziki wa kitoto, ametulia.

Sasa lile la pili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliutaja mkoa wetu. Katika wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito. Tulikuwa wa kwanza nchi nzima, na hiyo si nafasi ya kujivunia. Sisemi katuni ndizo zilizofanya hivyo, nisije nikasema uongo nikiwa nimefunga. Kuna umaskini, kuna shule kuwa mbali, kuna ndoa za mapema, kuna wanaume wazima wasiomcha Mungu. Lakini jiulize: katika nyumba hizi zetu, nani alimweleza binti habari za mwili wake? Mama aliona haya. Baba ndiyo kabisa. Shangazi na bibi waliokuwa wakifanya kazi hiyo wako mbali, au tumewaambia wasiwafundishe watoto "mambo ya kizamani". Basi wa kwanza kuzungumza na mtoto wako juu ya mwanamume na mwanamke anakuwa mchoro unaoongea, na anazungumza huku anacheka. Somo lenyewe ni kwamba jambo hili ni mchezo, anayekataa ni mshamba, na anayeumia ndiye kichekesho. Mtoto wa kiume naye analisikia somo hilohilo. Huyo tunamsahau kila mara.

Wazazi wengi wakisikia hivi wanasema serikali ifungie. Bodi ya Filamu tunayo, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu mwaka 1976. Tunawaombea kheri katika kazi yao. Lakini tazama jirani zetu Kenya. Mwezi Juni 2017 bodi yao ya filamu ilipiga marufuku katuni sita zilizokuwa zikioneshwa na chaneli za watoto, kwa hoja kwamba zinahamasisha mapenzi ya jinsia moja. Kukawa na mjadala mkubwa, kila mtu na lake. Bodi inaweza kuiambia chaneli, "Msioneshe." Haiwezi kuingia kwenye memori kadi ya baba fulani wa Makanyagio, wala kwenye grupu la WhatsApp la madereva. Marufuku inafika mlangoni kwako inasimama. Ndani ya mlango hakuna bodi ila wewe.

Na hilo si langu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya aliowachunga, akamtaja mwanamume katika watu wa nyumba yake na mwanamke katika nyumba ya mumewe. Wafugaji wa huku kwetu wanalielewa hili kuliko mimi. Mchungaji ng'ombe wake wakiingia kwenye shamba la watu hasemi, "Mwenye shamba hakuweka uzio." Ataulizwa alikuwa wapi. Katika Suratut Tahrim, aya ya 6, tumeamrishwa tujikinge na moto sisi na watu wa nyumba zetu. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inamtaka mzazi amlinde mtoto na hatari za mwili na za maadili. Dini na serikali zimekutana mlangoni kwako.

Najua maneno mtakayonijibu kwa sababu nimeshayasikia. "Mtoto haelewi Kiingereza." Picha zinaelewa lugha zote, ndugu yangu, na siku hizi zinatafsiriwa. "Nikimzuia ataangalia kwa jirani." Huenda. Lakini mtoto aliyeelezwa sababu nyumbani anaingia kwa jirani akiwa na kitu kichwani, na aliyenyang'anywa simu kwa kofi tu anaingia na njaa. Mweleze. Mwambie, "Hii inamcheka mtu kwa jinsi Mungu alivyomuumba, sisi hatucheki hivyo." Mtoto wa miaka saba anaielewa sentensi hiyo. "Mimi ni mtu mzima, naangalia mwenyewe usiku." Hilo ni baina yako na Mola wako, ila ujue funga ina haki juu ya macho na masikio, si tumbo peke yake. Na simu yako unayoangalia usiku ndiyo anayopewa mtoto saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo leo, kabla ya Alasiri, fungua WhatsApp yako, ingia kwenye mipangilio, uondoe ruhusa ya picha na video za magrupu kujihifadhi zenyewe kwenye galari. Kwenye YouTube zima ile sehemu inayoleta video inayofuata yenyewe, na washa ile ya kuzuia video za watu wazima. Haizuii zote, lakini inapunguza. King'amuzi kina namba ya siri ya mzazi. Wengi hatujawahi kuibadilisha tangu fundi aondoke. Memori kadi ya katuni ipitie yote. Na ukienda libreri usiseme "katuni", taja jina la unayoitaka. Ziko nzuri, tena za kwetu. Ubongo Kids imetengenezwa hapahapa Tanzania, ilianza kuoneshwa TBC mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ya wadogo zaidi ni Akili and Me. Mtoto anacheka na anatoka na kitu.

Halafu kuna saa ya tarawehe. Hii naomba tuiangalie kwa makini. Tunatoka baba na mama kwenda msikitini, watoto wanabaki na dada wa kazi au na kaka yao wa miaka kumi na tatu, na simu moja ikiwa na bando. Saa nzima na zaidi, kila usiku, mwezi mzima. Tunasimama kwa Mola wetu huku nyumba haina mchungaji. Anayeweza kuja na watoto aje nao. Tumetandika mikeka upande wa nyuma kwa ajili yao, na akina mama wa safu za mwisho wamekubali kupokezana kukaa nao. Watapiga kelele kidogo. Wapige. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia mtoto analia katika swala akaifupisha swala yake kwa kumhurumia mama yake, hakusema watoto wasiletwe. Asiyeweza kuja na watoto, aende na simu yake, aizime, aiweke mfukoni.

Na ile nusu saa ya jioni, baba uliyekwisha kurudi kazini, ni yako. Mwite mtoto aje akusaidie kupanga tende na kumimina uji. Mwambie ahesabu vikombe. Mchongee gari la mabua ya mahindi kama ulilochonga wewe ulipokuwa mdogo, bado unakumbuka inavyofanywa. Sufu hatuna Mpanda, mabua tunayo.

Leo baada ya tarawehe vijana wawili wa madrasa watakaa barazani kwa yeyote anayetaka kusaidiwa kupanga simu au king'amuzi. Ni bure, na hawatafungua kitu chochote bila wewe kuwepo. Kesho in shaa Allah tutaanza maswali ya zakatul fitri, na kipimo chake kwa mchele wa huku kwetu. Wenye maswali watume mapema, kabla ya Adhuhuri.

Allah atutakabalie funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu tunapowaona na tusipowaona. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.